Vijana wa misheni, homa huwafuata hadi nyumbani

Na MWANDISHI WETU

LIKIZO ya Agosti inapobisha hodi, vijana wa makanisa mengi humu nchini huanza kuchanga pesa za safari. Kundi la vijana thelathini au arobaini hukodi basi, hupakia ngoma, spika, Biblia na magunia ya unga, kisha hufunga safari kwenda misheni ya juma moja. Wengine hushuka Pwani. Wengine huelekea Busia, Siaya, Homa Bay au Turkana. Huko huhubiri sokoni, hufundisha watoto, hutembelea wagonjwa na hata kusaidia kujenga darasa.

Ni kazi njema. Lakini je, msomaji, kiongozi wa vijana katika kanisa lenu amewahi kusimama mbele ya kundi na kuuliza, "Ni nani hapa hajawahi kuugua malaria?" Ikiwa kundi linatoka Limuru, Nyeri au Nairobi, huenda mikono mingi ikainuliwa. Na hao wanaoinua mikono ndio walio hatarini zaidi.

Wengi wetu hudhani kwamba kijana mwenye nguvu, anayecheza kandanda na kula akashiba, hawezi kusumbuliwa na mbu. Hilo ni kosa, na ni kosa linaloweza kugharimu maisha.

Kwa nini mwenyeji haugui?

Malaria haikusambaa sawasawa nchini. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya huko hufanya vimelea vya malaria vishindwe kukomaa ndani ya mbu. Kandokando ya Ziwa Victoria, ambako ardhi iko mita 1,100 na kidogo, kuna joto na maji, na malaria huwa huko mwaka mzima. Pwani nayo ina malaria. Kule Turkana watu hudanganyika na ukame wakadhani hakuna mbu, kumbe mvua ikinyesha kidogo tu ugonjwa huzuka.

Mtu aliyezaliwa na kukulia penye malaria huumwa na mbu wenye vimelea mara nyingi tangu utotoni. Akiponea miaka hiyo ya mwanzo, ambayo ndiyo huua watoto wengi, mwili wake hupata kinga kiasi. Anaweza kuwa na vimelea katika damu na bado akaenda shambani.

Mgeni kutoka nyanda za juu hana kinga hiyo. Kwa hivyo usimtazame mwenyeji wako anayeketi nje usiku bila wasiwasi ukadhani hakuna hatari. Mbu ni yule yule, lakini miili si sawa.

Na wewe uliyezaliwa Siaya au Kilifi, ukaishi Nairobi kwa miaka mingi, usijigambe. Kinga hiyo hupungua mtu asipoumwa na mbu hao kwa muda mrefu. Ukirudi kwenu na kundi la kanisa, jihesabu kuwa mgeni kama wenzako.

Jambo hili si geni katika historia ya misheni nchini. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka wa 1844, hakumaliza mwaka kabla ya homa kumwua mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye mwenye kuleta ugonjwa huu. Ni mwaka wa 1897 ambapo daktari Ronald Ross, akiwa India, aliviona vimelea hivyo ndani ya mbu. Krapf hakujua. Sisi tunajua, na hatuna sababu ya kusafiri kama yeye.

Ratiba inayompendeza mbu

Mbu jike aina ya anofelesi, anayeeneza malaria, huuma hasa kuanzia machweo hadi alfajiri. Sasa itazame ratiba ya misheni. Saa moja jioni vijana wanaoga nje. Saa mbili wanaonyesha sinema uwanjani. Saa nne wanaimba kando ya moto. Siku ya Ijumaa kuna kesha hadi asubuhi. Wakilala, wanalala sakafuni katika darasa lisilo na vioo madirishani, na neti waliyokuja nayo imebaki ndani ya begi kwa sababu hakuna pa kuitundika.

Mambo haya yanarekebishika. Kila mmoja aje na neti iliyotiwa dawa. Kiongozi abebe kamba ndefu na misumari, ili kamba ifungwe kutoka ukuta mmoja hadi mwingine na neti zitundikwe juu yake. Chini, neti ichomekwe chini ya godoro au mkeka. Machweo yakifika, wavulana wavae suruali ndefu na wasichana sketi ndefu na soksi, na wote wavae mikono mirefu. Mafuta ya kufukuza mbu yapakwe mahali palipobaki wazi. Kuoga kufanywe jua likiwa bado juu.

Dawa za kujikinga

Zipo pia dawa za kumeza ili kuzuia malaria isikushike. Wengi hawazijui, au hudhani ni za watalii peke yao. Mwone daktari majuma matatu kabla ya safari ili akuchagulie inayokufaa.

Doksisaiklini humezwa kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya safari hadi majuma manne baada ya kurudi. Haifai kwa mwanamke mja mzito, na inaweza kufanya ngozi iungue na jua kwa urahisi. Meflokwini humezwa mara moja kwa juma, kuanzia majuma mawili au matatu kabla ya safari hadi majuma manne baadaye. Mtu mwenye kifafa au aliyewahi kuugua akili hapaswi kuitumia. Ya tatu ni mchanganyiko wa atovakuoni na proguanili. Bei yake ni ya juu, lakini mtu huacha kuimeza siku saba tu baada ya kurejea.

Kosa kubwa la wasafiri ni kuziacha dawa hizi mara tu wanapofika nyumbani. Zile siku za mwisho ndizo zinazowamaliza vimelea waliobaki mwilini.

Aidha, wako watu wanaofaa kushauriana na daktari kabla hata ya kulipa nauli. Mja mzito ni afadhali aahirishe safari. Mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, asiende bila kinga, kwa maana malaria humwangusha vibaya.

Hatari huja baada ya safari

Sasa, msomaji, tufike kwenye jambo ambalo makundi mengi hayalifikirii. Vimelea vinapoingia mwilini, kwanza hujificha katika ini kwa muda wa juma moja hivi. Wakati huo huhisi chochote. Baadaye hutoka na kuingia katika chembe nyekundu za damu, na hapo ndipo homa huanza. Mara nyingi ni kati ya siku ya kumi na ya kumi na tano baada ya kuumwa na mbu, ingawa inaweza kuwa mapema kidogo au kuchelewa zaidi.

Tupige hesabu. Tuseme msichana wa kidato cha tatu ameumwa na mbu Jumatano usiku huko Homa Bay. Jumamosi basi limerudi Limuru. Jumapili anasimama kanisani kutoa ushuhuda, na waumini wanampigia makofi. Jumatatu anarudi shule ya bweni. Jumamosi inayofuata, ikiwa ni siku ya kumi, anaanza kuumwa na kichwa, viungo vinamuuma, anatetemeka kwa baridi.

Muuguzi wa shule anampa dawa ya maumivu na kumwambia apumzike. Ni Limuru, kuna baridi, na mafua yamejaa mabwenini. Kwa nini afikirie malaria? Wenzake wanafikiri anaogopa mtihani. Mwingine anasema ni homa ya matumbo. Wazazi hawako karibu, na kiongozi wa misheni ameshasahau safari. Siku zinapita.

Malaria iliyo nyingi zaidi nchini husababishwa na vimelea vya falsiparamu, ambavyo ndivyo hatari kuliko vyote. Kwa mtu asiye na kinga, ugonjwa huo usipotibiwa unaweza kuwa mkali sana kwa muda wa saa 24 tu. Huwezi kusubiri hadi Jumatatu.

Sentensi moja ya kuokoa maisha

Dawa ya kwanza ya tatizo hili haiuzwi dukani. Ni maneno machache unayopaswa kumwambia muuguzi au daktari kabla hajakuuliza: "Majuma mawili yaliyopita nilikuwa Homa Bay." Maneno hayo yatamfanya akupime damu mara moja.

Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu kwa dakika chache kutokana na tone moja la damu. Kikionyesha huna malaria lakini homa ikaendelea, rudi upimwe tena baada ya siku moja au mbili. Ukipatikana nayo, utapewa dawa iitwayo AL, ambayo serikali iliichagua mwaka wa 2004. Humezwa mara sita kwa siku tatu, pamoja na chakula au maziwa. Imalize hata kama umepata nafuu siku ya pili. Usikubali klorokwini ambayo wazazi wetu waliizoea. Iliacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini mwaka wa 1998 kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea.

Mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, akipata kifafa, akishindwa kuketi, akitapika kila kitu, akipumua kwa shida, macho yakiwa manjano au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, mkimbize hospitali usiku huo huo. Atahitaji kudungwa dawa.

Wako wanaosema kwamba aliyetumwa na Mungu hawezi kuangushwa na mbu, na kwamba homa ni vita vya kiroho vinavyohitaji maombi pekee. Ombeni, lakini muombe mkiwa njiani kuelekea zahanati.

Kazi ya kiongozi

Ewe kiongozi wa vijana, kabla ya basi kuondoka hakikisha umefanya haya:

• Andika majina ya wote, simu za wazazi, magonjwa waliyo nayo na dawa zinazowadhuru.

• Tafuta kituo cha afya kilicho karibu na mtakapolala, na ujue gari litakalombeba mgonjwa usiku.

• Usiruhusu vijana kuwagawia wanakijiji dawa zilizonunuliwa dukani. Kutibu ni kazi ya waliosomea, na ifanywe kwa kushirikiana na ofisi ya afya ya kaunti.

• Mpe kila kijana karatasi ya kumpelekea muuguzi wa shule, yenye jina la mahali mlipokuwa na tarehe.

• Kwa majuma manne baada ya kurudi, uliza kila Jumapili: "Nani ana homa?" Asiyeonekana kanisani, pigia wazazi wake simu.

Nawe mzazi, mtoto wako akirudi usimuulize tu watu wangapi waliokoka. Muulize kama alilala ndani ya neti. Kisha, unapompeleka shuleni, mwambie mwalimu wa bweni alikotoka.

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Vijana wetu waende, na wenyeji wapone. Lakini tusiwasahau wageni hao wanaporudi, kwa sababu yeyote atakayepata homa katika majuma manne ya kwanza anafaa kuchukuliwa kuwa na malaria hadi damu yake ipimwe.