Faida Inapobadilika Bila Duka Kubadilika: Viwango Vipya vya Uhasibu katika Taarifa za Nusu Mwaka

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Taarifa za fedha za nusu mwaka huchapishwa gazetini kwa herufi ndogo, zikiwa na safu mbili za tarakimu: safu ya kipindi kilichoisha na safu ya kipindi kama hicho cha mwaka uliotangulia. Wananchi wengi wenye hisa hutafuta mstari mmoja tu, ule wa faida. Ukiwa umepanda, gazeti linakunjwa kwa furaha. Ukiwa umeshuka, simu inapigwa kwa wakala wa hisa siku hiyo hiyo.

Kwa kipindi cha kawaida, usomaji wa namna hiyo hauna madhara makubwa. Lakini katika kipindi ambacho kampuni inaanza kutumia kiwango kipya cha uhasibu, mstari huo unaweza kushuka au kupanda ilhali duka ni lile lile, wateja ni wale wale na hata kodi ya pango haijaongezeka kwa shilingi moja. Anayeuza hisa zake kwa sababu hiyo atakuwa ameuza kwa sababu ya badiliko la kanuni, wakati biashara yenyewe iko palepale.

Suala hili lina umuhimu wa pekee kwa sasa kwa kuwa kiwango kingine kipya, namba 18 katika mfululizo wa viwango vya kimataifa vya utoaji wa taarifa za fedha (IFRS), kinaanza kutumika kwa miaka ya fedha inayoanza tarehe 1 Januari 2027 au baada ya hapo. Makala haya yanatumia mfano wa kampuni ya biashara ya rejareja, yaani yenye maduka makubwa ya kujihudumia, kwa sababu kampuni za aina hiyo hupanga majengo mengi na hivyo huguswa na mabadiliko ya kihasibu kuliko nyingi nyingine.

Viwango hivyo hutungwa na Bodi ya Kimataifa ya Viwango vya Uhasibu, yenye makao yake London. Hapa nchini, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, iliridhia matumizi yake kuanzia tarehe 1 Julai 2004. Taarifa za kati ya mwaka zina kiwango chake, namba 34 katika mfululizo wa zamani unaojulikana kama IAS. Kiwango hicho hakisemi ni kampuni ipi ilazimike kutoa taarifa hizo wala kila baada ya miezi mingapi. Jambo hilo kimewaachia wasimamizi wa kila nchi, ambao kwetu ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana pamoja na Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kinachosemwa na kiwango namba 34 ni namna taarifa inavyopaswa kuwa pindi inapotolewa.

Mambo mawili katika kiwango hicho yanamhusu moja kwa moja msomaji wa kawaida. Kwanza, sera za uhasibu za nusu mwaka ni lazima ziwe zile zile za taarifa za mwaka mzima, na iwapo zimebadilika, kampuni inapaswa kueleza aina ya badiliko na athari yake. Pili, mwaka mmoja wa fedha hauwezi kuwa na kanuni mbili. Robo ya kwanza haiwezi kuandaliwa kwa kanuni ya zamani na robo ya pili kwa kanuni mpya. Badiliko hurudi hadi siku ya kwanza ya mwaka huo. Ndiyo maana kiwango kipya huonekana kwa umma kwanza katika taarifa ya kati ya mwaka, miezi mingi kabla ya taarifa za mwaka zilizopitiwa na mkaguzi wa nje. Mara nyingi taarifa hizo za kati huwa na maneno “hazijakaguliwa” juu ya ukurasa, na maneno hayo si pambo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni kiwango namba 16 kuhusu mikataba ya pango, kilichotolewa Januari 2016 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Kabla yake, kampuni iliyopanga jengo kwa miaka mitano iliandika kodi ya kila mwaka kama gharama ya kawaida, sawa na umeme au ulinzi. Kodi ya miaka iliyobaki haikuwamo katika mizania. Ilitajwa katika maelezo ya nyuma ya taarifa za mwaka, mahali ambapo wasomaji wachache hufika. Kampuni ya maduka ya Uchumi kutoka Kenya iliorodheshwa pia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2014, na mwaka uliofuata ikafunga maduka yake ya Tanzania. Haisemwi hapa kwamba uhasibu ndio uliosababisha hayo. Ila mwananchi aliyeisoma mizania ya kampuni yoyote ya rejareja wakati huo hangeweza kuona humo mzigo wa pango la miaka ya mbele, kwa sababu kanuni za wakati huo hazikuutaka uwekwe humo.

Kiwango namba 16 kiliugeuza utaratibu huo. Mkataba wa pango sasa huingia katika mizania pande mbili: upande wa mali kama haki ya kulitumia jengo, na upande wa madeni kama wajibu wa kulipa. Tuchukue duka moja lililopangwa kwa miaka mitano kwa shilingi milioni 120 kwa mwaka. Kwa wepesi wa hesabu tuseme kodi inalipwa mwisho wa mwaka, ingawa wenye majengo wa Kariakoo watacheka kusikia hivyo. Kampuni ikiwa inaweza kukopa benki kwa riba ya asilimia 12, thamani ya leo ya malipo yote matano ni takribani shilingi milioni 433. Kiasi hicho ndicho kinachoandikwa kama mali, na kiasi hicho hicho kama deni.

Kuanzia hapo, neno “pango” linatoweka katika hesabu ya faida na hasara ya duka hilo, na mahali pake yanakuja maneno mawili. La kwanza ni uchakavu wa ile haki ya kutumia jengo, yaani milioni 433 zikigawanywa kwa miaka mitano, takribani milioni 86.5 kwa mwaka. La pili ni riba ya lile deni, ambayo kwa mwaka wa kwanza ni karibu milioni 52. Kwa nusu mwaka ya kwanza, uchakavu ni kama milioni 43 na riba kama milioni 26, jumla milioni 69. Kwa utaratibu wa zamani gharama ya nusu mwaka ingekuwa milioni 60.

Faida kabla ya kodi ya mapato imepungua kwa takribani milioni 9, na fedha iliyotoka mfukoni mwa kampuni haijabadilika hata kidogo. Wakati huo huo faida ya uendeshaji, ambayo huhesabiwa kabla ya kutoa riba, imepanda kwa karibu milioni 17, kwa kuwa milioni 60 za pango zimeondoka na nafasi yake imechukuliwa na milioni 43 za uchakavu. Taarifa moja, duka moja, mistari miwili inayokwenda pande tofauti. Msemaji wa kampuni anayetaka kupendeza atanukuu mstari wa juu, na hatakuwa amesema uongo.

Tofauti hiyo hujirekebisha yenyewe kadiri miaka inavyosonga. Deni linapopungua, riba nayo inapungua, na katika mwaka wa tano gharama yote ya duka hilo ni kama milioni 99, chini ya zile milioni 120. Kwa miaka mitano kwa pamoja, jumla ni milioni 600 kwa utaratibu wowote. Kwa hiyo kampuni yenye mikataba michanga huonekana dhaifu zaidi katika taarifa zake za mwanzo, na ile ambayo mikataba yake inaelekea ukingoni huonekana na nafuu. Kampuni yenye maduka kumi ya aina hii inaongeza deni la zaidi ya shilingi bilioni 4 katika mizania kwa siku moja. Benki iliyoweka sharti kwamba madeni yasizidi kiwango fulani cha mtaji hulazimika kukaa mezani na kampuni hiyo na kuusoma upya mkataba wa mkopo. Msambazaji wa mayai au mchele anayelipwa siku 60 baada ya kupeleka mzigo naye ana haki ya kujua kwamba ongezeko hilo la deni halikutokana na mkopo mpya.

Si kila pango linaingia humo. Mkataba usiozidi miezi 12 unaweza kuachwa nje, na pango linalotozwa kama asilimia ya mauzo ya duka hubaki gharama ya kawaida. Hapa ndipo hukumu ya uongozi inapoingia. Mkataba wa mwaka mmoja unaompa mpangaji haki ya kuuongeza si lazima uhesabiwe kuwa wa mwaka mmoja. Iwapo ni karibu hakika kwamba kampuni itaitumia haki hiyo, muda wa nyongeza nao huhesabiwa. Duka lililokaa pahali pamoja kwa miaka minane, likiwa limefunga majokofu na rafu za gharama kubwa, litapata shida kumshawishi mkaguzi kwamba huenda likahama mwakani.

Suala linalowapoteza wasomaji wengi zaidi ni safu ya pili ya tarakimu, ile ya mwaka uliopita. Kiwango namba 16 kiliziruhusu kampuni kuchagua njia mbili za kuingia. Njia ya kwanza ni kuzirekebisha tarakimu za mwaka uliopita kana kwamba kanuni mpya ilikuwapo tangu mwanzo. Tesco, kampuni kubwa ya maduka ya Uingereza, ilifuata njia hiyo: ilianza kutumia kiwango hicho katika mwaka wa fedha ulioanza tarehe 24 Februari 2019, na katika taarifa yake ya nusu mwaka iliyoishia Agosti 2019 tarakimu za mwaka uliotangulia zilikuwa zimerekebishwa. Kazi yake ni kubwa, kwani mikataba ya zamani hulazimika kufukuliwa makabatini, lakini msomaji anapata safu mbili zinazofanana.

Njia ya pili ni nyepesi. Tarakimu za mwaka uliopita huachwa zilivyo, na tofauti yote huingizwa katika faida limbikizwa ya siku ya kwanza ya mwaka mpya. Kampuni iliyofuata njia hii haijavunja kanuni yoyote. Hata hivyo, msomaji wa taarifa yake ya kwanza ya nusu mwaka anawekewa safu mbili zilizopimwa kwa vipimo viwili, kama mtu anayelinganisha pishi na kilo. Maelezo ya sera za uhasibu yatasema hivyo waziwazi, kwa kawaida katika aya moja iliyo chini ya majedwali. Kwa maoni ya mwandishi, aya hiyo ndiyo ya kusomwa kwanza, kabla hata ya mstari wa faida.

Kiwango namba 18, kilichotolewa Aprili 2024, hakiachi uchaguzi wa namna hiyo. Tarakimu za mwaka uliopita ni lazima zipangwe upya. Tofauti na namba 16, hiki hakibadilishi kiasi cha faida ya mwisho, bali mpangilio wa mistari inayoelekea huko. Mapato na gharama zitagawanywa katika mafungu, yakiwamo ya uendeshaji, uwekezaji na ugharamiaji, na faida ya uendeshaji itakuwa na maana moja kwa kampuni zote. Hadi sasa kila kampuni imekuwa ikiichora mipaka yake yenyewe. Kampuni ya maduka yenye jengo la ziada inalolipangisha kama kitega uchumi itayaona mapato hayo yakihamia fungu la uwekezaji. Riba ya madeni ya pango itakaa katika fungu la ugharamiaji. Kampuni ambayo imezoea kutangaza “faida iliyorekebishwa” kwa vipimo vyake yenyewe itatakiwa kueleza katika taarifa zake jinsi ilivyokipata kipimo hicho, na kukioanisha na mstari ulio karibu nacho unaotambuliwa na viwango. Sharti hilo linagusa pia taarifa za kati ya mwaka.

Kwa wahasibu wa kampuni, maana yake ni kwamba hesabu za mwaka 2026 zinapaswa kuweza kutolewa kwa sura mbili, ya zamani na mpya. Mfumo wa kompyuta unaoweka riba na tozo za benki katika akaunti moja ya “gharama nyingine” utahitaji kufumuliwa mapema.

Kwa biashara ya rejareja kuna jambo la ziada, nalo ni majira. Ramadhani hurudi nyuma takribani siku 11 kila mwaka, hivyo manunuzi ya Idi yanaweza kuangukia robo moja mwaka huu na robo nyingine miaka michache baadaye, wakati Krismasi haisogei. Kiwango namba 34 kinaitaka kampuni ieleze athari za majira kama hayo. Katika mwaka wa kiwango kipya, msomaji anakuwa na sababu tatu za tarakimu kubadilika: kanuni, majira na biashara yenyewe. Kampuni inayozitenganisha katika maelezo yake inamrahisishia kazi mwanahisa.

Kampuni ambazo mwaka wake wa fedha huanza Januari zitaonesha sura mpya katika taarifa za nusu mwaka itakayoishia tarehe 30 Juni 2027, au mapema zaidi kwa zile zinazotoa taarifa za robo mwaka. Zile zinazoanza mwaka wake Julai zitafanya hivyo katika nusu mwaka itakayoishia tarehe 31 Desemba 2027. Katika taarifa hizo za kwanza kutakuwa na jedwali la ulinganisho linaloonesha kila mstari wa mwaka uliopita ulivyokuwa umetangazwa awali na ulivyopangwa upya, na mwananchi aliyehifadhi gazeti la mwaka huo ataweza kuzilinganisha tarakimu hizo mwenyewe.