Sumu Hupitia Mgongoni

Msimu wa kupiga dawa ukifika Kiberege, katika bonde la Kilombero nchini Tanzania, utamwona kibarua katikati ya mpunga, bomba mgongoni, kitambaa kimefungwa puani, miguu peku kwenye tope. Amejikinga na harufu. Sumu yenyewe kwa sehemu kubwa haimpitii puani. Matone mengi ya bomba ni makubwa mno kufika ndani ya mapafu. Hutua kwenye ngozi, nayo ngozi huyanywa.

Tena ngozi hainywi sawasawa mwili mzima. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani walipima jinsi kiuadudu cha parathioni kinavyopenya: paji la uso lilinyonya takriban mara 4 ya mkono chini ya kiwiko, korodani karibu mara 12. Sasa mtazame kibarua ambaye mpira wa kifuniko cha bomba lake umechakaa. Kila akiinama, dawa humwagika mgongoni, huteremka kiunoni, hulowesha suruali, naye hushinda nayo juani. Joto na jasho la bondeni huifungulia njia zaidi.

Viuadudu vya jamii ya oganofosfeti huzuia kimeng'enya kinachoituliza misuli baada ya neva kuiamuru. Mate hutiririka, mboni husinyaa, misuli huchezacheza, kifua hubana. Tiba ya atropini huokoa, ikiwahi. Lakini dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu na kuishiwa nguvu, na Kilombero mwenye dalili hizo huweza kuhesabiwa ana malaria. Ndiyo maana aliyepiga dawa amwambie daktari hivyo kabla hajaulizwa, na chupa yenye lebo aende nayo.

Kwenye kiwanda cha ngozi za mifugo, anayezichovya kwenye kromu ana mwajiri anayejulikana, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inambana mwajiri huyo ampe vifaa vya kinga. Kibarua wa siku moja humdai nani? Kwangu mimi, mwenye shamba. Alikague bomba kabla halijabebwa, anunue mpira mpya likivuja, atoe glavu za kuchanganyia, maana dawa isiyozimuliwa ndiyo kali kuliko zote, na buti ambazo suruali inazifunika kwa juu. Kandoni mwa shamba pawe na sabuni na ndoo ya maji yaliyotoka nyumbani. Ya jarubani hayafai kunawia. Yamekwisha kupigwa dawa.