Lisansi ya miaka 3, lisansi ya miaka 5: tusichanganye

Bandugu, tangazo la kazi linaomba "lisansi". Ile ya zamani ao ile ya LMD? Neno ni moja lakini hesabu si moja.

Mimi nilipita mu mpango wa zamani: miaka 3 ya gradua, kisha miaka 2 ya lisansi, jumla 5. Sheria namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 njo ilifungua njia ya LMD kwetu Kongo, na mwaka wa masomo 2021-2022 serikali ikaieneza. Sasa lisansi ni miaka 3, masta 2, doktora 3. (Masomo ya udaktari iko na hesabu yake, siingii mule.)

Kwa miaka, lisansi mpya iko karibu na gradua yetu, na masta njo inalingana na lisansi yetu. Juu ya hiyo, kuna bakubwa wanaocheka badogo: "Nyinyi muko na gradua tu, walibadilisha jina." Mimi sikubali. LMD haihesabu miaka peke, inahesabu krediti: 60 kwa mwaka, 180 kwa lisansi nzima. Na ndani ya krediti kuna pia saa ambazo mwanafunzi anatumika yeye mwenyewe, bila profesa.

Pale njo kuna shida ya kweli. Kutumika peke yako kunaomba vitabu, intaneti, umeme. Kama maktaba haina kitu na umeme unakuja usiku wakati batu wamelala, zile saa zinabaki kwenye karatasi tu. Mwanafunzi anapewa krediti ya kazi ambayo hakupata njia ya kuifanya. Mwenye kutaka kujua bei ya diploma mpya apime pale, aache mambo ya jina.

Kwa sasa, mu CV usiandike "lisansi" peke yake. Andika "lisansi LMD, miaka 3, krediti 180", ao "lisansi ya mpango wa zamani, gradua 3 na lisansi 2". Chunga karatasi za pointi za kila mwaka, juu watakuuliza. Na weye mukubwa mwenye kuandika matangazo pale unatumika, sema wazi ni miaka ngapi ya masomo unatafuta, na kama unakubali batoto ba LMD.