Matapishi ya Kijani kwa Mtoto Mchanga

Baba mmoja alifika ofisini kwetu msikitini kupanga akika ya mwanawe wa siku nne. Akiwa anaaga, akaomba dua: tangu alfajiri mtoto alikuwa akitapika maji ya kijani, na bibi yake amekwisha kusema ni mchango, utapita. Dua tulimwombea, lakini tulimsihi ampeleke hospitali saa ile ile. Jioni mtoto alikuwa katika chumba cha upasuaji. Utumbo wake ulikuwa umejisokota.

Ndugu wasomaji, rangi ile ina maana yake. Nyongo hutoka kwenye ini na kuingia mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Maziwa anayocheua mtoto baada ya kunyonya huwa meupe kwa kuwa hayajakutana nayo. Akitapika kijani, huenda njia imeziba huko mbele na nyongo imerudi juu. Si kila mara huwa hivyo. Hata hivyo madaktari huhesabu kuwa kizuizi kipo mpaka vipimo vikanushe. Utumbo uliojisokota hukosa damu, nao waweza kufa kwa saa chache tu, ilhali asubuhi mtoto alikuwa akinyonya na tumbo lake ni laini. Ndiyo maana bibi alidanganyika, wala simlaumu.

Choo cheusi cha kwanza nacho kitazamwe. Watoto wengi waliotimiza miezi hukitoa katika saa 24 za mwanzo. Kikichelewa na tumbo likavimba, huangaliwa kwanza kama njia ya haja kubwa ipo wazi. Yawezekana pia ni ugonjwa wa Hirschsprung, ambao sehemu ya mwisho ya utumbo hukosa chembe za neva za kusukuma uchafu. Huthibitishwa kwa kukata kinyama kidogo na kukichunguza kwa hadubini.

Hospitalini hupitishwa mpira mwembamba hadi tumboni kupunguza maji na hewa, kisha hupigwa eksirei. Viputo viwili vikubwa vya hewa, bila hewa mbele yake, huonyesha kuwa utumbo umeziba mwanzoni kabisa. Ikishukiwa umejisokota, hutiwa dawa inayoonekana kwenye picha ili njia yake ifuatwe.

Msimpe mtoto huyo dawa ya mchango wala asali. Kitambaa chenye matapishi msikifue, mwonyesheni daktari.

Akika ya yule mtoto ilichinjwa siku ya 21.