Mafuta ya mimea katika chakula cha samaki: faida na mipaka

Ndugu wafugaji wa tilapia, wengi wenu mumetuuliza: unga wa sambaza bei iko juu, je, tunaweza kutia mawese ao mafuta ya soya mu chakula cha samaki? Na mtu mwenye kula ile samaki, afya yake itakuwa namna gani?

Jibu: ndiyo, inawezekana. Tilapia si kama samaki wa bahari. Anakula majani na pumba, na mafuta ya mimea yanamfaa. Atakomaa muzuri ikiwa protini iko ya kutosha. Lakini mafuta hayachukue nafasi ya protini. Ukipunguza sambaza, ongeza soya ya kukaanga. Soya mbichi inazuia samaki kuyeyusha chakula.

Juu ya afya: mafuta samaki anayokula yanaonekana ndani ya nyama yake. Sambaza iko na omega-3, mafuta yanayosaidia ubongo wa mtoto na moyo. Mawese karibu hayana. Soya iko nayo kidogo. Kwa hiyo tilapia wa mawese atakuwa na omega-3 kidogo. Hana sumu, na protini yake inabaki nzuri.

Basi ushauri wetu ni huu: sambaza ya Ziwa Kivu, ambayo ililetwa kutoka Tanganyika karibu na mwaka wa 1960, iende kwanza kwa watoto na mama wajawazito. Mtoto akiikula nzima na mifupa, anapata pia kalsiamu. Bwawa lipewe mimea.

Ginsi ya kufanya:
- Kwa kilo 10 za chakula, tia mafuta gramu 300, ni kusema karibu theluthi moja ya lita. Ukizidisha, samaki ananona ndani ya tumbo na maini yanaharibika.
- Changanya yale ya siku chache tu. Mafuta yenye kuchacha yanagonjesha samaki.
- Funga bido muzuri, weka pa kivuli.
- Mafuta yaliyokwisha kukaangia mikate, hapana.
- Mashudu ya karanga yenye ukungu, tupa. Ile sumu ya ukungu inaharibu maini ya samaki, na ya mtu pia.

Jaribuni kwanza mu bwawa moja, pimeni samaki kila mwezi, kisha mulinganishe pamoja mu koperative.