Rangi ya Unga kwa Vyuma vya Chini ya Gari

Rangi ya unga haina thina wala maji. Ni unga mkavu uliosagwa laini, mchanganyiko wa resini, rangi na dawa ya kugandisha. Bunduki ya kupulizia huutia chaji ya umeme, nao hunata kwenye chuma kilichofungwa waya wa ardhini, kama vumbi linavyonata kwenye kioo cha televisheni ya zamani. Chuma kikiingia katika oveni, unga huyeyuka na kushikana kuwa ngozi moja yenye unene wa mikroni 60 hadi 100 hivi. Ngozi hiyo ikishaiva haiyeyuki tena.

Gari linalopita barabara za kokoto, au linaloshinda katika hewa ya chumvi ya Mombasa, Tanga au Zanzibar, linaihitaji ngozi ya namna hiyo kwenye sasipensheni kuliko mahali pengine popote. Ni ngumu kuliko rangi ya kopo na haibanduki ovyo ikipigwa na jiwe. Hata hivyo, chumvi ikipata tundu moja dogo hutambaa chini yake, na kutu hula chuma huku juu rangi ikiendelea kung'aa.

Anayefanya kazi hii nyumbani huanza kwa kutenga vinavyostahimili oveni na visivyostahimili. Shokapu haiingii kabisa: ndani yake mna mafuta, sili za mpira na mara nyingi gesi yenye shinikizo, na ikipashwa moto inaweza kupasuka. Bushi za mpira na boljointi zenye grisi hutolewa kwanza, tena kwa presi, si kwa nyundo. Mikono ya sasipensheni ya chuma cha pua au cha kuchomelewa haina shida. Ya alumini inataka hadhari, kwa sababu aloi nyingi za aina hiyo hupewa nguvu kiwandani kwa joto la nyuzi 160 hadi 190 hivi za Selsiasi. Kuzioka zaidi ya hapo kwa muda mrefu huzilainisha. Kwa mikono hiyo hutafutwa unga unaoiva kwa joto la chini.

Springi za koili hupakwa rangi ya unga hata viwandani, hivyo oveni yenyewe si tatizo, mradi joto na muda visizidi vilivyoandikwa kwenye kopo la unga. Hatari kwa springi ni asidi. Springi ikitumbukizwa katika asidi ili kuondoa kutu, hidrojeni hupenya ndani ya chuma hicho kigumu na kukifanya kikatike ghafla kama kijiti kikavu. Kutu ya springi huondolewa kwa kupigwa mchanga tu.

Kupiga mchanga ndiko kunakochukua sehemu kubwa ya kazi, na ndiko wengi wanakotaka kuharakisha. Rangi ya zamani, kutu na mafuta viishe kabisa, chuma kibaki na rangi ya kijivu isiyong'aa. Mchanga wa ufukweni au wa mtoni haufai: vumbi lake la silika huharibu mapafu bila tiba. Hutumika chembe za ganeti au za oksidi ya alumini. Huu pia ndio wakati wa kutafuta nyufa, hasa kwenye maungio ya kuchomelea, kwa kuwa rangi ya unga hufunika ufa vizuri mno. Baada ya hapo chuma hakishikwi kwa mkono mtupu, na pwani hupakwa siku hiyohiyo, la sivyo kutu hurudi usiku.

Vyuma vya kusubu vina vitundu vilivyonyonya mafuta kwa miaka. Huokwa vitupu kwanza, kwa joto lililozidi kidogo lile la kuivisha, ili mafuta yatoke. Vinginevyo rangi hutoka na malengelenge. Nyuzi za bolti, matundu ya bushi na koni ya boljointi huzibwa kwa vizibo vya silikoni au utepe unaostahimili moto.

Katika kupuliza, pembe za ndani hukataa unga kwa sababu umeme hukimbilia kingo zilizo karibu. Hapo hupunguzwa volti na hewa, na pembe huanzwa kabla ya sehemu zilizo wazi. Epoksi hushika vizuri na kuzuia kutu lakini huchujuka juani, kwa hiyo epoksi huwa tabaka la chini na poliesta la juu.

Unga mwingi huiva kwa nyuzi 180 hadi 200 ndani ya dakika 10 hadi 20. Dakika hizo huhesabiwa tangu chuma chenyewe kifikie joto hilo, si oveni, na mkono mzito unaweza kuchukua nusu saa kufika. Kipimajoto cha kulenga kwa mbali hapa kina thamani kuliko bunduki ghali. Oveni iwe ya umeme na isipikiwe chakula tena. Unga ukitanda hewani hulipuka ukikutana na cheche, basi hakuna moto wala sigara karibu, na barakoa ya kuchuja vumbi ivaliwe.

Nyuso zinazobanwa na bolti ziachwe bila rangi, kwani ngozi nene hubonyea chini ya nati na mkazo hulegea. Nati zote zikaguliwe na kukazwa tena kwa spana ya kipimo baada ya siku chache za kwanza barabarani, na magurudumu yapimwe alaimenti.