Kwa Nini Mhindi Hunyauka Penye Mbolea Nyingi

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Songea

Mnyama ana mifupa, na nyumba ina nguzo. Je, mche wa mhindi ulioota juzi unasimamishwa na nini? Hauna mfupa wala mti mgumu ndani yake. Jibu ni kwamba unasimamishwa na maji.

Mwili wa mmea umejengwa kwa seli nyingi mno, ndogo zisizoonekana kwa macho matupu. Kila seli ina ukuta imara, na ndani ya ukuta huo mna utando mwembamba uliozunguka maji yenye sukari na chumvi. Utando hupitisha maji kwa urahisi, lakini huzuia sehemu kubwa ya sukari na chumvi. Nayo maji yana desturi moja: hupenya utando kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi. Tendo hili huitwa osmosisi. Mwaka 1748 Mfaransa Jean-Antoine Nollet alifunga chupa ya mvinyo mkali kwa kibofu cha mnyama, akaitumbukiza majini. Maji yaliingia hata kibofu kikavimba.

Udongo ukiwa na unyevu wa kutosha, seli za mizizi huvuta maji. Seli zikijaa, utando husukuma ukuta, nao ukuta hukaza kama ngozi ya mpira wa miguu uliojazwa upepo. Katika seli nyingi za majani yenye afya, msukumo huo hupita mara mbili ule wa upepo katika tairi la gari dogo! Maji yakipungua, msukumo hushuka na jani hulegea. Ndiyo sababu wauzaji wa mchicha sokoni huunyunyizia maji.

Sasa tuitazame mbolea. Katika mkoa wetu wa Ruvuma mahindi ni chakula, tena ni fedha za madaftari na nauli. Mbolea ya dukani huitwa mbolea ya chumvichumvi, na jina hilo ni la kweli. Ikirundikwa hata kugusa mbegu au mche mchanga, hasa mvua ikikatika, maji ya udongo wa pale huwa na chumvi nyingi kuliko maji ya seli. Basi safari hugeuka: maji hutoka mzizini kwenda udongoni. Utando hujivuta mbali na ukuta, mche hulegea, majani hukauka. Watu husema mbolea imeuunguza. Kumbe umekufa kwa kiu.

Anayetaka kuhakikisha na akate vipande viwili vyembamba vya kiazi mviringo kibichi. Kimoja akitie katika maji matupu, kingine katika bilauri ya maji yenye vijiko viwili vya chumvi. Baada ya saa moja au mbili, cha kwanza kitakuwa kigumu, cha pili kitapindika kama kamba.

Kwa hiyo, wazazi wetu, mbolea ya kupandia ifunikwe kwa udongo kidogo kabla ya kutia mbegu. Ya kukuzia iwekwe mbali na shina kiasi cha upana wa kiganja, ardhi ikiwa na unyevu. Na mche ukinyauka kwa kuzidiwa, tusiuongezee mbolea, maana ni sawa na kumnywesha mwenye kiu maji ya bahari.